"Aache Kwanza" Si Tiba, Ni Hukumu

Leo naomba tuzungumze kuhusu maneno mawili ambayo wengi wetu tumeyasikia na, tuseme ukweli, wengine tumeyatamka wenyewe: "Aache kwanza."

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anatumia unga. Mtaani kila mtu alijua. Alianza kwa kuvuta, akaishia kujidunga. Alipoanza kukohoa tulisema ni vumbi, kisha tukasema ni baridi ya maskani anakolala. Wiki ya nne suruali ikawa haikai kiunoni, usiku analowa jasho mpaka shuka. Nikampeleka hospitali. Tulifika saa moja asubuhi, tukakaa foleni kama watu wengine. Zamu yetu ilipofika, mhudumu alimwangalia mikono, akaona makovu ya sindano, halafu akanigeukia mimi, si yeye: "Mdogo wangu, huyu aache kwanza hayo mambo yake, ndio mumlete. Sasa hivi mtapoteza dawa tu."

Hakupimwa makohozi. Hakuulizwa hata jina. Tulirudi nyumbani na kikohozi kilekile.

Hospitali hiyo siitaji, maana tatizo si mhudumu mmoja. Maneno yale nimeyasikia kwa ndugu, kwa majirani, na hata kwenye vikao vya chama chetu. Ndiyo maana tahariri hii inasema jambo moja tu: mtu anayetumia dawa za kulevya akiugua ugonjwa wa kuambukiza, atibiwe ugonjwa huo leo, akiwa bado anatumia. Kumwambia aache kwanza ni kumhukumu bila mashtaka, bila hakimu na bila rufaa. Na adhabu hiyo haiishii kwake.

Maradhi hayasubiri mtu aache

Tuanze na namna mambo yanavyokwenda. Unga unaofika pwani yetu unatoka Afghanistan, unavushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi, sehemu inapitishwa kwenda kwingine na sehemu inabaki hapa. Zamani watumiaji wengi walikuwa wanavuta. Kuelekea mwaka 2000 ulipoingia unga mweupe, ambao unayeyuka kwa urahisi kwenye maji, kujidunga kukaenea Dar es Salaam na Zanzibar. Bomba moja la sindano likawa linazunguka kwa watu watatu, wanne.

Damu inayobaki ndani ya bomba inabeba virusi vya UKIMWI na virusi vya homa ya ini, aina ya B na aina ya C. Virusi vya homa ya ini C ni vigumu kufa, vinaweza kukaa ndani ya bomba lililotumika kwa siku nyingi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam jambo ambalo nilipolisoma nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Wanawake wasio na hela ya kete walikuwa wanajidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini ndani yake kuna unga wa kuwatuliza arosto. Jamani, huo si ukosefu wa akili. Ni mtu mwenye maumivu makali asiye na njia nyingine, na rafiki yake akijaribu kumsaidia kwa kitu pekee alichonacho.

Kifua kikuu hakihitaji sindano. Kinahitaji hewa tu. Maskani yenye watu wengi, chumba kisicho na dirisha, mahabusu iliyojaa, mwili uliokosa chakula: hapo ndipo kinapostawi. Wataalamu wamekuwa wakikadiria kuwa mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka. Akianza dozi sahihi, uwezo wake wa kuambukiza unashuka haraka, na kwa kifua kikuu cha kawaida miezi 6 inatosha kumponya.

Sasa piga hesabu. "Aache kwanza" maana yake nini? Kwa mtu wa unga, kuacha si kazi ya wiki moja. Uraibu ni ugonjwa unaorudi rudi, na wengi hujaribu mara kadhaa kabla hawajatulia. Kwa hiyo unapomwambia aache kwanza, unampa kikohozi chake miezi, pengine miaka, ya kutembea. Kinapanda daladala. Kinakaa msibani. Kinalala chumba kimoja na watoto.

Mama mkubwa alianza kukohoa miezi miwili baada ya sisi kurudishwa. Alikuwa na kifua kikuu. Mahakamani nisingeweza kuthibitisha nani alimwambukiza nani, na sitajaribu hapa. Ninachojua ni kwamba walikuwa wanalala nyumba moja, na kwamba kwa miezi kadhaa mama aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua hakuwa na nguvu ya kuinua sufuria. Wateja walihamia kwingine. Biashara ikafa. Hizo nazo ni gharama za "aache kwanza", lakini haziandikwi kwenye bajeti yoyote.

"Lakini hawatameza dawa"

Hii ndiyo hoja kubwa ya wapinzani wetu kwenye suala hili, tena inasemwa na watu wenye nia njema. Kwamba teja hana ratiba, dawa atazitupa, na ugonjwa utakuwa sugu.

Jibu lipo hapahapa nyumbani. Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga mwilini, ikaondoa arosto bila kumlewesha mtu aliyeizoea. Ilikuwa kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo Tanzania bara, na miongoni mwa za mwanzo kabisa kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Mbeya, Dodoma, Mwanza na kwingineko. Kenya nao walianza mwishoni mwa 2014, Nairobi, wakaendelea Malindi na Mombasa.

Angalia kinachotokea kwenye kliniki hizo. Mtu anakwenda kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaondoka. Kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ni mgonjwa gani mwingine nchini anayeonana na mhudumu wa afya kila siku? Watu tunaosema hawana ratiba ndio wenye ratiba kuliko sisi. Basi dawa za kifua kikuu na ARV zikitolewa kwenye dirisha lilelile, saa ileile, hoja ya "hawatameza" inakosa miguu.

Kuhusu homa ya ini C, Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba wanaojidunga watibiwe, na kwamba kuendelea kutumia si sababu ya kuwanyima. Vidonge vya sasa vinaponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, kwa kawaida ndani ya wiki 12. Kuponya kabisa, si kufubaza. Kila anayeponywa ni bomba moja pungufu linalosambaza virusi.

Ukweli mwingine lazima usemwe, maana bila huo tutawalaumu wagonjwa bure. Dawa hizi zinagombana mwilini. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, inalifanya ini liharakishe kuondoa methadoni. Mgonjwa anakunywa dozi yake ya kawaida asubuhi, usiku arosto imemshika kana kwamba hakunywa kitu. Dawa za zamani za VVU kama efavirensi na nevirapini zinafanya vivyo hivyo. Na mtu aliye kwenye rifampisini anahitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Kaka yangu alipita humo humo. Hatimaye mhudumu wa afya wa jamii, dada mmoja anayezunguka maskani kwa miguu, ndiye aliyemchukua akampeleka kliniki ya methadoni. Alipimwa. Kifua kikuu, na VVU pia. Akaanzishiwa dawa zote. Wiki ya pili akaniambia, "Dada'ngu, zile dawa za kifua zinanirudisha kwenye unga." Zamani ningesema anatafuta kisingizio. Kumbe alikuwa anaeleza kitu ambacho daktari wake alikijua kwa jina. Waliongeza dozi ya methadoni taratibu, akatulia, akamaliza miezi yake 6. Angekuwa anachukua methadoni sehemu moja na dawa za kifua kikuu sehemu nyingine, kwa watu wasiozungumza, angeacha mojawapo. Na sisi tungesema, "Si tuliwaambia?"

Sheria inasema nini

Nasoma sheria, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Imesema kila mtu, haikuweka "isipokuwa teja". Ibara ya 13 inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa, na inakataza adhabu za kutweza na kudhalilisha utu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inapiga marufuku unyanyapaa na ubaguzi kwa mtu anayeishi na VVU. Mhudumu anayemrudisha mgonjwa kwa sababu ya makovu ya sindano amefanya kazi ya polisi, mwendesha mashtaka, hakimu na askari magereza, vyote kwa pamoja, kwa dakika mbili.

Upande wa pili ipo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyokazwa zaidi mwaka 2017. Kumbana mfanyabiashara wa unga hatuna ugomvi nako, tena tunataka abanwe zaidi. Lakini sheria hiyohiyo inafanya kutumia kwenyewe kuwa jinai. Matokeo yake tunayaona mtaani. Mtu anaogopa kubeba sindano safi kwa sababu polisi wataifanya ushahidi. Anaogopa kwenda kliniki kwa sababu msako unaweza kumkuta njiani. Akikamatwa Ijumaa jioni, Jumamosi dozi yake ya methadoni imempita, na ARV zake zimebaki nyumbani chini ya godoro. Serikali moja inampa dawa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Wenzetu wamelifikisha jambo linalofanana na hili mahakamani. Mwaka 2010, huko Kapsabet nchini Kenya, wagonjwa wa kifua kikuu walioshindwa kuendelea na dawa waliamriwa na mahakama wawekwe gerezani miezi 8, eti wapate kutibiwa. Walikaa siku 46 kabla ya kutolewa. Wakafungua shauri, na Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alisema kumfunga mgonjwa jela kama namna ya kumtibu ni kinyume cha Katiba ya Kenya. Hawakuwa watu wa unga, na hukumu ile haizifungi mahakama zetu. Lakini mantiki yake inavuka mpaka bila pasipoti: gereza si wodi, na ugonjwa si kosa. Ureno nao, tangu Julai 2001, mtu akikutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake hapelekwi mahakama ya jinai, anapelekwa mbele ya kamati yenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Dawa bado zimekatazwa, ila mtumiaji haozei mahabusu.

Hela zipo wapi

Kuna watakaosema: hospitali hazina gloves za wajawazito, nyie mnataka hela iende kwa mateja?

Kwanza, hebu tuwe wa haki. Dereva bodaboda akivunjika mguu bila helmeti, anafungwa plasta. Mwenye kisukari akinywa soda, anapewa insulini. Hatuwaambii waache kwanza. Pili, kutibu mapema ni rahisi. Dawa ya homa ya ini C ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2013, dozi ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000. Leo, kwa nchi zinazojadiliana bei vizuri, dawa zisizo za chapa zinapatikana kwa takriban dola 60. Jirani zetu Rwanda walitangaza mpango wa kitaifa wa kutokomeza homa ya ini C Desemba 2018, wakapima watu kwa mamilioni na kushusha bei. Rwanda si tajiri kuliko sisi. Waliamua tu.

Tatu, na hili ndilo la kutunyima usingizi: huduma nyingi kwa watumiaji wa dawa za kulevya zimejengwa juu ya fedha za wafadhili, hasa PEPFAR ya Marekani na Mfuko wa Dunia. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, programu za VVU Afrika nzima zilitikisika kwa saini ya mtu mmoja ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyempigia kura. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, vijana tuwe na swali moja mkononi: tumefika asilimia ngapi?

Na sisi je?

Ni rahisi kuilaumu serikali na kufunga mjadala. Lakini tujitazame. Februari 2017, majina yaliposomwa hadharani Dar es Salaam, ya wasanii, wafanyabiashara, mchungaji, na mwenyekiti wa chama kikubwa cha upinzani, sisi wa upinzani tulipiga kelele kuhusu haki za waliotajwa. Tulikuwa sahihi, mtu hahukumiwi kwa kusomwa jina kwenye kipaza sauti. Lakini kwa wale wasio na majina, waliokuwa wanakimbizwa maskani usiku huohuo, sauti yetu ilikuwa wapi? Haki ya kutohukumiwa bila kusikilizwa tuliidai kwa wakubwa, tukaisahau kwa mtoto wa jirani. Hata kwenye mikutano yetu bado kuna makamanda wanaowaita "mizoga". Hatuwezi kudai Katiba mpya huku tunawabagua wanaostahili ulinzi wa hii ya sasa.

Kwa hiyo tunapendekeza haya yaingie kwenye hoja za jumuiya ya vijana, kuanzia kata hadi taifa:

1. Wizara ya Afya itoe mwongozo unaokataza mgonjwa kunyimwa kipimo au tiba kwa sababu anatumia dawa za kulevya, wenye njia ya kulalamika na adhabu kwa anayekiuka.

2. Kila kliniki ya methadoni itoe, kwenye dirisha moja na bila malipo, dawa za kifua kikuu, ARV, vipimo na tiba ya homa ya ini C, na chanjo ya homa ya ini B.

3. Huduma zisogezwe mitaani. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku inawashinda watu, na wanawake ndio wachache zaidi kwenye kliniki hizi, wengi kwa hofu ya kuonekana na kunyang'anywa watoto. Wapangiwe saa zao na sehemu ya kukaa na watoto.

4. Sheria ya 2015 irekebishwe ili kutumia na kubeba sindano kushughulikiwe kama suala la afya, na nguvu zote za jinai zielekezwe kwa wanaoingiza na kuuza.

5. Mtu aliye mahabusu au gerezani apate dozi zake bila kukatizwa hata siku moja.

6. Fedha za huduma hizi ziwe na fungu lake kwenye bajeti ya serikali, na Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 isimwache nje mtu kwa sababu ya uraibu wake.

Wakati mabunge na wizara wanajivuta, kuna la kufanya wiki hii. Kila tawi lijue kliniki ya methadoni iliyo karibu nalo ni ipi, na nani ni mhudumu wa afya wa jamii kwenye mtaa wake. Ukiona mtu wa maskani anakohoa zaidi ya wiki mbili, usimwambie aache. Msindikize. Na wakiwarudisha, omba jina la aliyewarudisha, andika tarehe na saa, peleka malalamiko kwa mganga mkuu wa wilaya kwa maandishi. Mimi siku ile sikuandika kitu. Nilisema "asante dada", nikaondoka. Mwanafunzi wa sheria mzima!

Kaka yangu bado anakunywa methadoni. Je, ameacha unga? Mara nyingi ndiyo, mara mbili ninazozijua alianguka, akarudi kliniki. Hakohoi tena. ARV zake anameza, na virusi vyake vimeshuka mpaka havionekani kwenye kipimo, maana yake hawezi kumwambukiza mtu kwa ngono. Mama mkubwa amerudi kwenye jiko lake, na siku hizi kaka ndiye anayembebea unga wa mchele kutoka mashineni.

Hakuacha kwanza. Alitibiwa kwanza.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mjumbe wa kamati ya vijana ya chama ngazi ya kata.*